Uliza Tukujibu: Simba wa Kaseti na Simba wa Diski

Safari hii barua karibu zote zinahusu katuni za utotoni zilizosafishwa na kutolewa upya kwa diski. Nyingi zinamhusu Simba, mwana wa Mufasa, wa filamu ya The Lion King, kwa hiyo tumeanza naye.

DAKIKA TATU NA NUSU ZIMETOKEA WAPI?

Ndugu Mhariri, kaseti yetu ya The Lion King, ile tuliyoitazama mpaka ikachakaa, ilikuwa inaisha kwa dakika 84 na nusu hivi. Sasa nimenunua Blu-ray, inakwenda dakika 88. Nimeirudia mara mbili nikitafuta kilichoongezwa, sikioni. Halafu Mufasa ana sauti nzito kuliko ninavyoikumbuka. Wamembadilisha mwigizaji?
Msomaji, Tanga

JIBU: Hakuna kilichoongezwa, na mwigizaji ni yule yule, James Earl Jones. Kilichobadilika ni mwendo. Filamu ya sinema huenda kwa fremu 24 kila sekunde. Kaseti za huku kwetu zilikuwa za mfumo wa PAL, unaoonyesha fremu 25 kwa sekunde, na njia rahisi ya kuihamisha filamu ilikuwa kuikimbiza kidogo mpaka fremu 25 zienee kwenye sekunde moja. Piga hesabu mwenyewe: 88 mara 24, gawa kwa 25, jibu ni 84.48. Ndizo dakika za kaseti yako.

Sauti nayo ilikimbizwa pamoja na picha, ikapanda kwa asilimia 4 na ushei. Kwenye kinanda ni karibu robo tatu ya umbali wa kutoka kitufe cheupe hadi cheusi kinachokifuata. Haitoshi kumfanya Mufasa aongee kama kitoto, ila inatosha kumpunguzia kifua. Unachokisikia kwenye Blu-ray ndiyo sauti aliyorekodi. Ukitaka kulinganisha, usitumie DVD iliyotengenezwa kwa soko la Ulaya, kwa sababu hiyo pia ni PAL na inakimbia sawa na kaseti. Blu-ray na 4K, kizazi cha diski kilichofuata baada ya Blu-ray, ndizo zinazokwenda kwa mwendo wa sinema.

MAMBA SI WALE

Mhariri, dada yangu ana DVD ya The Lion King ambayo ndani yake Zazu, yule ndege wa mfalme, anaimba wimbo mzima ambao mimi siujui kabisa. Na nina hakika mamba kwenye wimbo wa Simba mdogo wamebadilishwa. Ananiambia nimezeeka. Nani mkweli?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Wewe, kwa yote mawili. Filamu ilitoka sinema mwaka 1994 na kaseti ikafuata 1995. Krismasi ya 2002 ikarudishwa kwenye kumbi za IMAX, na kwa kuwa kioo cha IMAX kinaweza kufikia urefu wa ghorofa kadhaa, michoro kadhaa ilionekana haistahimili ukubwa huo. Mamba wa kwenye wimbo ule wa kutamani ufalme wakachorwa upya. DVD ya 2003 ikaongeza wimbo wa Zazu wa ripoti ya asubuhi, uliotoka kwenye mchezo wa jukwaani ulioanza Broadway mwaka 1997.

Jambo ambalo mashabiki hawajalisamehe ni hili: DVD ile ilikupa uchague kati ya toleo lenye wimbo na toleo lililoitwa la asili, lakini hilo la asili nalo lilikuwa na mamba wapya. Blu-ray ya 2011 iliuondoa wimbo kwenye filamu, mamba wapya wakabaki. Vumbi linalopaa Simba anapojibwaga ukingoni mwa jabali usiku, lile ambalo watu walidai kusoma ndani yake herufi za neno la aibu, nalo lilibadilishwa.

Kwa hiyo kama mamba wa 1994 wana maana kwako, wako kwenye kaseti na kwenye zile diski kubwa za leza za miaka ya tisini. Neno la kusafishwa kwenye jalada haliahidi kwamba hakuna kilichoguswa. Mtu amekaa chumbani akaamua kipi kibaki na kipi kinyooshwe.

NINUNUE 4K AU NIBAKI NA BLU-RAY?

Nina TV ya inchi 43, tunakaa kama mita tatu kutoka kwenye kioo. Blu-ray ya 2011 ninayo. Muuzaji anasema ya 4K ni kama filamu mpya kabisa. Nitoe hela?
Msomaji, Kinondoni

JIBU: Kwa kioo hicho na umbali huo, hapana. Tueleze kwa nini, maana filamu hii ina tabia yake.

Michoro ya The Lion King ilichorwa kwa penseli kwenye karatasi, lakini haikupakwa rangi kwenye plastiki na kupigwa picha kwa kamera kama katuni za zamani. Iliskaniwa, ikatiwa rangi na kuunganishwa na mandhari ndani ya kompyuta, kwa mfumo ulioitwa CAPS ambao Disney walitengeneza pamoja na Pixar. Ndiyo maana matoleo mapya hayaanzii kwenye mkanda wa filamu wenye mikwaruzo na vumbi. Yanarudi kwenye faili zenyewe. Lakini faili hizo zilitengenezwa zikitosha sinema za wakati ule, na upana wake ni mdogo kuliko pikseli (nukta za picha) 3840 za 4K. Diski ya 4K ya mwaka 2018 imekuzwa kutoka hapo. Nywele za Mufasa hazitaongezeka hata unywele mmoja.

Faida ipo kwenye rangi. Blu-ray ya kawaida ina ngazi 256 kwa kila moja ya rangi tatu za msingi. 4K yenye HDR, yaani picha yenye nafasi kubwa zaidi kati ya mwanga na giza, ina 1,024. Jaribio zuri liko sekunde za mwanzo kabisa, jua linapochomoza na anga lote kuwa jekundu. Kwenye kaseti wekundu ule ulimwagika nje ya mipaka yake, kwa sababu VHS, mfumo wa kaseti hizo, ilihifadhi rangi kwa ufinyu mno kuliko mwanga. Kwenye Blu-ray mipaka imekaa sawa, ila ukisogea karibu na kioo unaweza kuona anga limegawanyika kwa mikanda mikanda, kama pete za shina la mti. Kwenye 4K, kwa TV inayoweza, wekundu unatoka jua kwenda gizani bila ngazi. Hicho ndicho unachokinunua. Kwenye kioo cha inchi 65 tungekwambia nunua leo.

Mengine ya kuangalia kabla hujalipa. Mashine ya michezo ya PlayStation 4 haisomi diski za 4K, hata ile ya Pro. PlayStation 5 yenye tundu la diski inasoma, na Xbox One S na Series X pia. TV nyingi za bei ya chini zina nembo ya HDR kwa sababu tu zinapokea mawimbi yake, ila kioo chenyewe hakina mwanga wa kutosha. Ukiweka filamu, makaburi ya tembo yanakuwa giza tupu na fisi unawasikia tu. TV ya hivyo, afadhali uipe Blu-ray ya kawaida. Tatu, TV nyingi hufunga uwezo wa HDR kwenye tundu la HDMI mpaka uufungue kwenye menyu: Samsung wanaita Input Signal Plus, LG wanaita HDMI Deep Colour, Sony utaukuta chini ya HDMI Signal Format. Usipofungua, deki itatuma picha ya kawaida nawe utadhani umeuziwa feki.

Na ukiuziwa faili la MB 700 kwenye flashi lililoandikwa 4K, cheka uondoke. Diski ya 4K hubeba GB 50, 66 au 100. Kilichobanwa hivyo kinabomoka vipande vya mraba kila penye moshi, vumbi au giza, na filamu hii inavyo vyote vitatu.

PICHA INATELEZA

Salaam aleikum. Diski ya The Lion King ni halali, TV ni mpya, kebo mpya. Lakini Timon na Pumbaa wanateleza kama wamepakwa mafuta, inaonekana kama tamthilia za mchana. Kwenye kaseti haikuwa hivi.
Msomaji, Maskati

JIBU: Waaleikum salaam. Diski haina kosa, TV yako ndiyo inayochora. Katuni nyingi za mkono hupigwa mchoro mmoja kwa fremu mbili, yaani michoro 12 kwa sekunde, na pale tu mwendo unapokuwa wa kasi ndipo kila fremu hupata mchoro wake. Mchoraji amepanga wapi mkono ugande kidogo na wapi uchomoke. TV yako inajaza katikati fremu za kubuni, na ule mdundo unapotea. Simamisha picha Timon anaporusha mikono: utaona utando kama wa moshi kuzunguka vidole, mahali ambapo kompyuta imekisia vibaya.

Fuata mpangilio huu, filamu ikiwa inacheza, maana TV huhifadhi mipangilio kwa kila tundu peke yake. Kwanza chagua hali ya picha ya Movie, Cinema au Filmmaker Mode. Hiyo peke yake huzima nusu ya matatizo. Kisha zima kilainisha mwendo: kwa Samsung ni Picture Clarity (za zamani Auto Motion Plus), kwa LG ni TruMotion, kwa Sony ni Motionflow. Zima kila kinachoitwa Noise Reduction. Mwisho shusha Sharpness: kwenye Samsung sifuri ni sifuri, lakini kwenye Sony alama ya 50 ndiyo katikati isiyoongeza wala kupunguza, ukiishusha zaidi unafifisha picha. Ukiona uzi mweupe unaufuata mstari mweusi wa mgongo wa Simba dhidi ya anga, bado iko juu.

Diski ikiwa ya HDR, rudia yote tena wakati inacheza. TV ina kumbukumbu ya pili kwa ajili ya HDR, na hapo watu wengi hukwama wakidhani walishazima.

CINDERELLA ANA CHENGA

Mume wangu amerudisha dukani diski ya 4K ya Cinderella akisema ina chenga, wakati Blu-ray yetu ya 2012 ni safi kama kioo. Muuzaji amekataa kuipokea. Mtusaidie kabla hawajakosana.
Msomaji, Nairobi

JIBU: Muuzaji yuko sahihi, na ya 4K ndiyo nzuri. Dada, mwite shemeji mkae naye mbele ya TV, maana hili linahitaji macho.

Cinderella ni ya 1950. Hapa hakuna kompyuta. Mistari ilichorwa kwa wino, kwa mkono, juu ya plastiki inayoonyesha. Rangi ikapakwa upande wa nyuma, na kila picha ikapigwa kwa kamera juu ya mandhari. Kila picha ilipigwa mara tatu mfululizo kwenye mkanda mmoja wa nyeusi na nyeupe: mara moja kupitia kichujio chekundu, mara moja kijani, mara moja bluu. Picha tatu hizo zikipangwa juu ya nyingine ndiyo unapata rangi zote. Chenga anazoziona shemeji ni punje za madini ya fedha zilizomo ndani ya mkanda wenyewe. Picha imejengwa kwa hizo punje kama ubwabwa ulivyojengwa kwa punje za mchele. Ukiziondoa zote hubaki na ubwabwa msafi, unabaki na uji.

Na ndicho kilichotokea kwenye Blu-ray ya 2012. Programu ya kusafisha hulinganisha fremu moja na inayofuata. Kinachobadilika kila fremu inakihesabu kuwa uchafu. Chenga hubadilika kila fremu, kwa hiyo zinafutwa. Tatizo ni kwamba mstari mwembamba wa wino nao hubadilika, kwa kuwa kila mchoro ulichorwa upya na mkono wa mtu, na mkono haurudii mstari mara mbili sawasawa. Programu haijui tofauti. Inafuta chenga, inafuta na mstari. Ilitumika kwa nguvu mno.

Jaribio: wekeni Blu-ray, simamisheni sehemu yoyote Cinderella yuko karibu. Tazameni nyuzi za nywele juu ya paji la uso, kisha mikunjo ya nguo mabegani. Andikeni mnachokiona. Sasa wekeni 4K ya 2023 mahali pale pale. Mistari iliyokuwa imekatika katikati, au imeyeyuka ndani ya rangi, imerudi. Punje zinaonekana, ndiyo, ila simameni mita mbili na nusu nyuma, hapo zinageuka kuwa uhai wa picha. Wakati mnalinganisha, angalieni na gauni la dansi. Kwenye filamu ni la rangi ya fedha. Ile bluu tuliyoizoea ni ya wanasesere na mabegi ya shule.

Chenga za kweli mbaya zipo, na hazifanani na hizi. Za mkanda huchezacheza, ndogo, zimetapakaa picha nzima kwa usawa. Zikiganda mahali pamoja huku picha inasogea, au zikijikusanya kwenye vijisanduku vya mraba, hiyo ni diski ya kunakiliwa au faili lililobanwa. Na mkiona uzi mwekundu upande mmoja wa umbo na wa kijani upande wa pili, basi zile picha tatu za nyeusi na nyeupe hazikulala vizuri juu ya nyingine. Mkanda ukizeeka hunywea, na sehemu zake hazinywei sawa.

Ugonjwa wa kufutwa mistari uliikumba pia The Sword in the Stone, Blu-ray ya 2013, na pengine vibaya zaidi. Filamu hiyo ya 1963 ni ya enzi ambayo michoro ya penseli ilihamishiwa kwenye plastiki kwa mashine ya kunakili, ndiyo maana mistari ina ukwaruzo wa penseli wa kupendeza. Kwenye diski hiyo nyuso zimekuwa kama nta.

DISKI YA MAREKANI IMEGOMA

Nimeletewa DVD na Blu-ray kutoka Marekani. Deki inasema haziruhusiwi eneo hili. Nifanyeje?
Msomaji, Unguja

JIBU: Geuza kasha. Kwa DVD tafuta alama ya dunia yenye namba: Marekani ni 1, Afrika Mashariki ni 5, Ulaya na Ghuba ni 2. Kwa Blu-ray tafuta herufi: Marekani ni A, Afrika, Ulaya na Mashariki ya Kati ni B. Deki nyingi za DVD za bei nafuu zinazouzwa kwetu hazijali namba, kwa hiyo jaribu deki ya jirani kabla ya kufanya lolote. Kompyuta hukuruhusu kubadili eneo la DVD mara 5 tu, baada ya hapo inaganda kwenye la mwisho, basi usichezee. Blu-ray ni ngumu zaidi. Diski za 4K hazina maeneo, na hilo ndilo jambo moja ambalo watengenezaji walitufikiria. Ukituma mtu tena, mwagize 4K.

MISTARI MYEUSI PEMBENI

Cinderella haijazi kioo. Nivute?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Usivute. Ilichorwa kwa umbo la karibu 4 kwa 3, na TV yako ni 16 kwa 9. Ukiinyoosha, kila mtu ananenepa kwa theluthi nzima. Ukiikuza ijaze, unakata robo ya picha, juu na chini, na kwenye katuni hakuna sehemu ya picha iliyopatikana kwa bahati. Kila inchi mtu kalipwa kuichora. The Lion King inajaza kioo yenyewe.

KASETI IMEOTA UKUNGU

Kaseti yangu ya zamani ina unga mweupe ndani, unaonekana kwenye kidirisha. Deki bado nzima. Nikiiweka itasomeka?
Msomaji, Wete

JIBU: Usiiweke. Ule unga ni ukungu, na ukiupitisha kwenye deki unaganda kwenye vichwa vya kusomea, kisha deki inaupandikiza kwenye kila kaseti utakayoweka baadaye. Tia kaseti kwenye mfuko wa plastiki unaofungika pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vingi, na uiache wiki kadhaa. Usiianike juani wala kuitia joto: plastiki itapinda na mkanda utajikunja. Ukungu ukishakauka hufutika. Fanya kazi hiyo nje, umevaa barakoa, fungua skrubu tano za chini, futa kingo za roli kwa kitambaa kikavu kisichotoa nyuzi. Kabla ya kucheza, ipeleke mbele mpaka mwisho na uirudishe, bila kuicheza, ili mkanda uachane.

Kama ulishaiweka na picha imekuwa theluji, safisha ngoma ya deki. Chomoa umeme. Lowesha kitambaa kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, kishike kimetulia ubavuni mwa ngoma, uizungushe ngoma kwa mkono wako mwingine ukishika juu. Kamwe usisugue kwenda juu na chini. Vichwa ni vidogo kama ncha ya sindano na vinavunjika, na pamba za masikioni huacha nyuzi zinazovinasa. Subiri ikauke kabisa kabla ya kuwasha.

Kaseti nzima zihifadhi zikiwa zimesimama kama vitabu, mkanda wote ukiwa umeviringwa upande mmoja. Na usiitupe hiyo ya Simba hata ukinunua diski. Mamba, tumeshasema.

WIMBO WA MWANZO NI KISWAHILI GANI?

Tunabishana kazini. Ule mwito wa mwanzo jua linapotoka, ni Kiswahili cha wapi?
Msomaji, Kigoma

JIBU: Si Kiswahili, ni Kizulu, kazi ya Lebo M wa Afrika Kusini. Ingonyama ndiye simba. Kiswahili kipo kwenye majina: Simba, Rafiki, Shenzi, na Pumbaa kutokana na kupumbaa. Kipo pia pale Rafiki anapomwimbia Simba aliyekua akimwita nugu. Kwenye kaseti maneno hayo yalizama. Kwenye diski yanasikika neno kwa neno, ila kwa 4K ongeza sauti kidogo, waliirekodi chini.